Dodoma, Mji wa Wageni Wasioaga

Msomaji wangu, kama hujawahi kulala Dodoma mwezi Juni hebu nikupe picha. Alfajiri kuna ubaridi wa kukutafutisha sweta. Ikifika saa saba mchana jua linakuwa kali utadhani mna ugomvi, na jioni upepo unazunguka kwenye miamba na kukuletea vumbi mpaka ndani ya kikombe cha chai. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu wa Dar aliyezoea kulala na feni anajikuta anaomba blanketi la pili. Hapo ni kama amebahatika kupata kitanda, maana Juni ndiyo mwezi wa bajeti.

Bunge la bajeti linaanza Aprili na linatakiwa kumaliza kazi kabla Juni haijaisha, kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi. Katika miezi hiyo mitatu mji unafurika. Wabunge wapo, maofisa waliokuja kumsaidia waziri wao kujibu maswali wapo, waandishi wa habari wapo, wenye tenda zao wapo, madereva wa mashangingi wapo, na ndugu wa hao wote nao wapo. Gesti za Makole zinajaa, lodji za Area C na Area D zinajaa, hoteli kubwa ndiyo usiulize. Kinachobaki ni vyumba vya watu, na stori yetu ya mwezi huu iko huko.

Tuanze na jina. Wagogo wanasimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji, akakwama kwenye tope, akadidimia mpaka akapotea. Watu wakasema "idodomya", yaani amezama. Zipo simulizi nyingine, ila hii ndiyo utakayopewa na karibu kila dereva wa bajaji. Mimi huwa naisikiliza huku nacheka kimoyomoyo. Mji mzima umepewa jina la mgeni aliyepita kunywa maji mara moja tu, kuondoka kukamshinda!

Na mji wenyewe umekua hivyo hivyo. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, kazi ikapangiwa miaka kumi. Miaka kumi ikapita, ikapita na mingine. Bunge likaja kukutana hapa tangu 1996, lakini wizara zikabaki Dar, kwa hiyo kwa miaka ishirini Dodoma ilikuwa mji wa kuja na begi dogo. Halafu Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali yote inahamia. Waziri Mkuu Majaliwa akatangulia Septemba mwaka huo huo, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, akafuata Desemba 2017, na Magufuli mwenyewe akaja Oktoba 2019. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 mjini hapa. Ya 2022 ikakuta 765,179. Waulize waliohamia na utashangaa ni wangapi watakwambia walikuja "kwa wiki mbili tu".

Sasa panda bajaji twende Ilazo.

Huku ndiko utakakoiona Dodoma mpya bila makeke. Nyumba nzuri yenye vigae, jirani yake msingi ulioota majani, jirani yake tena ukuta uliofika kwenye lenta ukasimama kusubiri mkopo. Wenyeji wangu wanaishi hapa. Mume ni mtumishi wa wizara aliyehamishwa kutoka Dar mwaka 2017, mke yuko benki. Wana watoto wawili na banda la uani lenye vyumba viwili. Chumba kikubwa wamekifanya cha kupangisha kwa siku: kitanda cha futi sita, jiko dogo la gesi, bafu la maji moto, waifai, luku ya peke yake. Samani zote zimetoka kwenye mkopo wa SACCOS. Shilingi 60,000 kwa usiku, na wakati wa Bunge kinaweza kukaa mwezi mzima hakijapoa. Vijana wengi wa Dodoma wanafanya mchongo huu, na ukitazama hesabu yake unaelewa. Mshahara unalisha nyumba, chumba kinamalizia nyumba.

Tatizo si kumpata mgeni. Tatizo ni tarehe yake ya kuondoka.

Mwaka mmoja, walinisimulia, walimpokea bwana mmoja mwanzoni mwa Aprili. Alikuja kwa siku kumi, kaletwa na mfanyakazi mwenzake wa zamani wa mume. Mtu safi, suti safi, salamu kila asubuhi. Siku kumi zikaisha. Siku ya kumi na moja akasema kamati yao haijamaliza. Hapo sawa, kila mtu anajua mambo ya kamati. Wiki iliyofuata posho haijaingia. Wiki ya tatu akaanza kumwita mke "shemeji".

Wanawake mnaosoma hapa mnajua kilichofuata. Shemeji hadaiwi kama mteja anavyodaiwa. Shemeji anaulizwa kama bado kuna chai. Jina hilo moja lilimhamisha bwana yule kutoka kwenye daftari la biashara na kumwingiza kwenye ukoo, na hesabu ikaanza kulegea. Mara 50,000 kwenye M-Pesa saa tano usiku, mara 30,000 na maneno "nyingine kesho shem". Mwezi Mei akanunua sufuria zake. Akabadilisha pazia, eti lile lilikuwa linapitisha mwanga. Mgeni akishabadilisha pazia, mwenzangu, huyo si mgeni tena.

Na ndani ya nyumba je? Mume alikuwa anasema mvumilie, huyu ni mtu wa watu, kesho anaweza kutusaidia. Mke alikuwa anasema SACCOS hawamjui huyo mtu wa watu. Kila mmoja akawa anamsubiri mwenzake aende kugonga mlango. Wakanuniana wiki nzima, wanapishana koridoni kama wapangaji, na yule waliyenuniana kwa sababu yake yuko uani anapiga pasi shati. Alikuja kuondoka Juni, baada ya mke kumkuta mteja mwingine amesimama getini na sanduku na hana chumba cha kumpa. Deni likabaki. Lililouma zaidi, kwa maelezo ya mke, ni zile wiki ambazo kila mazungumzo yao ya chumbani yalikuwa ya mtu wa tatu.

Nimewasikia wanandoa wengi wakizungumzia wageni sugu kana kwamba wote ni matapeli. Kwa Dodoma sikubali. Matapeli wapo, ndiyo, ila wengi wanaopitiliza hapa siku zao hazipangwi na wao. Zinapangwa na ratiba ya Bunge, na semina iliyoongezwa, na mkurugenzi ambaye hajasaini, na posho iliyokwama mahali. Na zinapangwa na daktari. Hili la daktari nililishuhudia kwa macho yangu.

Juni 2025 nilichukua treni ya jioni ya SGR kutoka Dar. (Kama bado unakwenda Dodoma kwa basi kwa sababu ya mazoea, acha. Tangu treni ianze kufika huko mwishoni mwa Julai 2024, safari iliyokuwa inakula siku nzima inamalizika chini ya saa nne, na unafika nguo haijakunjamana.) Nilikuwa nimelipia nusu ya chumba cha Ilazo wiki moja kabla. Nikafika getini kama saa tano usiku. Nikaona taa ya uani inawaka, na mlangoni kuna kandambili mbili, za mtu mzima na za mtoto.

Mwenyeji wangu hakunizungusha. Alinikalisha sebuleni, akanipa chai ya tangawizi, akasema, "Dada, chumba chako kina mtu." Alikuwa mama kutoka mkoa wa jirani mwenye watoto wawili. Mmoja alikuwa amelazwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, kule karibu na UDOM, hospitali ambayo siku hizi inafanya mpaka upandikizaji wa uloto kwa watoto wenye selimundu, kwa hiyo watu wanaletwa kutoka mbali. Huyo mwingine alikuwa naye chumbani. Alilipia usiku nne. Daktari alisema Ijumaa, halafu Ijumaa ikawa Jumatatu. Yule mama alikuwa amerudi jioni ile, amechoka, hajui amwambie nani.

Utamtoa mtu kama huyo saa tano usiku? Humtoi. Lakini na mimi nilikuwa nimelipa, nina miadi saa mbili asubuhi, na lodji zote nilizopiga simu zilijibu "hatuna". Nililala chumba cha watoto wa wenyeji, chini ya chandarua chenye picha za magari, watoto wakahamia kwa wazazi wao. Nilirudishiwa nusu ya hela yangu bila kuomba.

Asubuhi ndiyo nilijifunza kitu. Mume alikuwa anataka kumwachia yule mama akae bure mpaka mtoto aruhusiwe. Roho nzuri. Mke akakataa, na nilidhani ni ukali tu mpaka nilipomsikiliza. Alisema bure isiyo na tarehe ndiyo ile ile ya "shemeji". Itaanza na huruma, itaishia na kununiana, na yule mama mwenyewe atakuwa anaingia na kutoka kwa kunyata kama mwizi. Wakatoka wote wawili, mke na mume, wakakaa na yule mama uani kwenye viti vya plastiki. Bei ikashuka kutoka 60,000 mpaka 40,000. Ikaandikwa kwenye karatasi ya daftari: usiku mbili, mwisho Jumatatu saa nne asubuhi, daktari akibadilisha tena atahamia chumba kidogo cha mbele kwa 20,000. Wakasaini watatu. Na ile sura ya yule mama, jamani, ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. Jumatatu saa nne kasorobo alikuwa amefunga vitu vyake. Mtoto hakuruhusiwa mpaka Jumanne, akalala chumba cha mbele usiku mmoja, akalipa.

Angalia kwamba walikwenda wawili. Mgeni wa Dodoma, hasa mwenye cheo, ana kipaji cha kujua nani ndani ya nyumba ni laini, na atakuwa anamtafuta huyo huyo kila mara. Baba akitoka kazini anakutana naye getini, "mkuu, lile suala letu nimeshaongea na shemeji". Shemeji mwenyewe hajaongea na mtu. Wenyeji wangu siku hizi wana sheria moja tu ya nyumba: habari ya kuongeza siku haijibiwi na mmoja. Anayeulizwa anasema ngoja niongee na mwenzangu, basi. Inaonekana jambo dogo. Waulize wale wiki walizonuniana.

Jambo lingine linaloleta ugomvi ni siku yenyewe. Siku ni nini? Ukifika na basi la usiku saa kumi alfajiri ya Jumamosi, ukalala, umelala usiku wa Ijumaa au wa Jumamosi? Kwetu siku mpya inaanza jua likizama, usiku wa Jumamosi watu wengine wanauita wa kuamkia Jumapili, na simu yako inasema siku imebadilika saa sita usiku. Mgeni analipia "siku mbili" akimaanisha atakaa mpaka jioni ya siku ya pili. Mwenye chumba anamaanisha usiku mbili na kutoka saa nne asubuhi. Hapo hakuna mwongo. Gesti za zamani zilijua hili, ndiyo maana mapokezi kuna lile daftari kubwa la wageni: jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, lini umeingia, lini unatoka. Sisi wa vyumba vya kisasa tumenunua televisheni kubwa, tukalisahau daftari.

Na daftari si urembo. Mtu aliyelala kwako usiku tatu kama mgeni ana ruhusa ya kulala, ruhusa ikiisha imeisha. Lakini ukiendelea kupokea hela zake wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi, bila karatasi, ana jiko lake na pazia lake, anaanza kufanana na mpangaji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua kwamba mtu anayeendelea kukaa kwa ridhaa ya mwenye nyumba baada ya muda kuisha anaweza kuhesabiwa mpangaji wa vipindi, na huyo huondolewi kwa kumpandishia sauti. Kuna notisi, na mkishindwana kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la kata tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha, halihukumu. Ukikata umeme, ukabadilisha kitasa vitu vyake viko ndani, ukamtolea sanduku barabarani, unaweza kujikuta wewe ndiye unayeitwa kujieleza. Na haya si ya kwetu peke yetu. Mwaka 2014 huko Palm Springs, California, mgeni aliyekodi kupitia Airbnb kwa siku 44 aligoma kutoka, akijua kwamba sheria za huko humpa mtu aliyepitisha siku 30 ulinzi wa mpangaji. Mwenye nyumba alitakiwa kufuata taratibu za kumwondoa mpangaji kama kawaida, pamoja na Airbnb yake.

Kwa hiyo hela ya nyongeza isipokelewe bila tarehe mpya, hata kwa ujumbe wa simu tu: umeongeza usiku tatu, unatoka tarehe fulani saa nne asubuhi. Na ujumbe wa kukumbusha uende siku moja kabla, asubuhi, wakati mgeni bado ana muda wa kutafuta pengine. Kumkumbusha saa tatu na nusu ya siku ya kutoka ni kumtafutia sababu.

Watu watakwambia kuandikishana na mgeni si utamaduni wetu. Watakutajia methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ambayo Nyerere aliitumia mwaka 1962 kueleza Ujamaa. Sawa, lakini utampa jembe ofisa aliyelipa kwa M-Pesa? Isitoshe, ardhi hii ya Wagogo ina mila nyingine ya zamani kuhusu wapita njia. Karne ya 19 misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora ilikuwa inavuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, halafu inaingia Ugogo ikiwa na kiu. Huko ililipa hongo kwa watemi, nguo na shanga na waya, ili ipate kupita na kupata maji. Burton alipita 1857, Stanley 1871, na wote wawili walilalamika kwenye vitabu vyao. Walikuwa wanaona wanaibiwa. Mimi naona upande wa pili: nchi kame, kisima kimoja, msafara wa mamia ya watu wanaotaka kunywa na kupumzika. Wenyeji wakasema tuzungumze kwanza. Mazungumzo yaliweza kuchukua siku, hakuna aliyefurahi sana, lakini kila mmoja alijua alichotoa na alichopata.

Jumamosi wenyeji wangu walinipeleka mnadani Msalato, na kama uko Dodoma wikiendi usikose. Ng'ombe na mbuzi wanauzwa upande mmoja, nyama inachomwa upande mwingine, utamkuta mheshimiwa amevaa kofia ya jua anabishana bei ya mbavu kama mtu mwingine yeyote. Tukakaa kwenye benchi, nyama ikaja juu ya sinia na pilipili na chumvi. Walikuwa wanachekeana hao wawili, unaona kabisa kwamba wamelala usingizi. Mume akasema kinachomtisha sasa ni treni. Watu wameanza kuja asubuhi, wanahudhuria kikao, jioni wanarudi Dar. Mwaka huu wameuza usiku wachache kuliko walivyozoea. Mke akasema afadhali chumba kitupu kuliko pazia la mtu. Mume akamuuliza hayo maneno atawaambia SACCOS? Wakaanza kubishana tena, lakini ule ubishi wa kuibiana nyama.

Simu ya mke ikaita. Mgeni mpya, sauti ya heshima, anataka chumba kuanzia Jumatano. Nikamsikia mwenyeji wangu anauliza kwa siku ngapi. Upande wa pili ukajibu, siku mbili tatu hivi.

Akafuta mafuta vidoleni, akachukua kalamu kwenye pochi.

"Mbili, kaka, au tatu?"